Picha Isiyo na Jina

Flaviana alikuwa na kijiti mdomoni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Mwanamke wa kwenye aplikesheni ya kujipima, mwenye sauti ya kubembeleza, alimwambia akipitishe kwenye ufizi wa juu, kisha wa chini, asirudie. Akafuata. Akakitumbukiza kwenye kichupa cha dawa, akaketi kitandani kusubiri majibu.

Kujipima ukimwi nyumbani ni jambo jema, na aplikesheni hiyo imetengenezwa ili mtu ajue hali yake mbali na macho ya watu. Lakini Benjamin, msimamizi wao kwenye kiwanda cha kufungasha karanga kule Mikocheni, alikuwa na yake. Aliwaamuru wanawake wote waipakue, na kila mmoja amtumie picha ya majibu kabla ya zamu ya Jumatatu. Asiyetuma asisumbuke kuja. Eti wateja wanataka usafi, utadhani ukimwi unaambukizwa kwa karanga.

Ukatokea mstari mmoja. Hana virusi. Flaviana alifurahi. Akakilaza kipimo juu ya kitambaa chake cha maua ya njano, akakipiga picha, akamtumia Benjamin, kisha akabandika maji ya ugali.

Recho, anayefunga naye karanga meza moja na kupanga nyumba ya pili hapo hapo Tandika, aliingia bila hodi.

"Shosti, mie kesho siji."

"Kisa?"

"Kisa unakijua. Dawa nameza, afya ninayo, lakini nikipima mistari inatoka miwili. Nimpelekee Benjamin picha hiyo anitangaze?"

Flaviana aliacha mwiko. Yake ilikuwa safi. Angeweza kusema pole na kuendelea kupika. Wazo hilo lilimpitia, na lilimtia aibu.

"Kwenye picha hakuna jina," alisema. "Chukua yangu."

Recho akapokea. Akamrushia Monica, mwenzao wa kiwandani, ambaye alikuwa anaogopa tu kupima, na Monica si mtu wa kukaa na kitu peke yake. Kulipokucha, mstari wa Flaviana ulikuwa wa kiwanda kizima.

Asubuhi Benjamin aliwapanga mbele ya mashine. Huku anaperuzi simu, anatafuna karanga za kiwanda.

"Kila picha ina kitambaa cha maua ya njano. Nyie wote mnalala chumba kimoja?"

"Tunaazimana vitambaa, bosi," alisema Monica.

Wakacheka. Benjamin hakucheka. Alivuta boksi kutoka chini ya meza, limejaa vipimo.

"Basi mtapima hapa hapa, mbele ya macho yangu."

Kicheko kikakatika. Recho alianza kufungua aproni yake taratibu, macho sakafuni, kama mtu aliyeshafukuzwa. Flaviana alipomwona hivyo, hasira ilimpanda. Akatoka mstarini, akachukua kipimo kimoja, akafungua ile aplikesheni na kuongeza sauti mpaka mwisho.

"Karibu," ilibembeleza sauti. "Kabla hatujaanza, je, kuna mtu anayekulazimisha kupima? Bonyeza ndiyo au hapana."

"Jana nilibonyeza hapana," Flaviana alimwambia Benjamin. "Nilidanganya, kwa sababu naitaka kazi."

"Zima hiyo simu."

Akabonyeza ndiyo.

"Pole. Kupima ni hiari yako. Weka kipimo chini."

Flaviana akakirudisha kwenye boksi.

"Wewe huna kazi," alisema Benjamin.

"Nimesikia."

Lakini hakuondoka. Benjamin alimtazama, akatazama mlango, kisha akamtazama tena, maana hakuzoea mtu anayefukuzwa akabaki.

"Karibu," ikasema simu ya Monica. "Kabla hatujaanza, je, kuna mtu..."

"Karibu," ikadakia nyingine nyuma yake, halafu nyingine, mpaka zikawa zinasemeshana zenyewe kwa zenyewe na Benjamin akawa anapiga kelele asisikike.

Recho alifunga tena aproni yake, akakaza fundo. Akatoa simu, akaongeza sauti.