Mawe Ishirini na Moja

Mawe yalikuwa ishirini na moja. Niliyajua kama ninavyoyajua meno yangu: lile jeusi lenye mstari, lile bapa, lile dogo linalojifanya haragwe. Kila asubuhi niliyatoa kwenye kopo, nikayachanganya na maharage ungoni, nikamwekea mama mapajani. Aliyachambua mpaka adhuhuri, akaniwekea mawe kwenye kifuniko, nami nikayarudisha koponi kungoja kesho.

Msinicheke. Tangu akili ya mama ilipoanza kupotea, ungo ule ndio uliotuokoa. Asipokuwa na kazi mikononi hufungua gesi akaondoka zake, au hutoka barabarani peku kutafuta shamba lililouzwa zamani. Na maharage ya dukani siku hizi ni safi mno. Bila mawe yangu angemaliza kabla sijapiga mswaki.

Hakunijua tena. Aliniita "dada", kama anavyoitwa mfanyakazi wa ndani, na mara mbili alishanifukuza kazi kwa kosa la kula sana. Hayo niliyacheka. Kubadilisha shuka mara tatu kwa siku na kupigwa kofi wakati wa kumwogesha sikuweza kuyacheka. Niliacha kazi yangu ya kushona sare. Mume wangu naye akaondoka kidogo kidogo, leo viatu, kesho mashati. Mwisho niliacha kusali. Mwanzoni nilikuwa naomba mama apone, kisha nikaomba nguvu, kisha nikaomba jambo ambalo mtoto hatakiwi kumwombea mzazi wake. Nikajiogopa. Tangu siku hiyo mimi na Mungu tulikuwa hatusemezani.

Maji yalishazidi unga. Ndiyo maana nilikubali mdogo wangu, fundi majokofu, aje siku ile saa nne ampeleke mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka miwili yeye alikuwa akiniambia kwenye simu nijikaze tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Begi la mama lilikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimechoka hata kuona haya.

Nikampa ungo kwa mara ya mwisho. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo redio, ninayoifungua kwa sauti ili nisimsikie akibwabwaja, ilikuwa kimya. Nilikaa nyuma yake kumchana, asiende kwa watu na nywele timutimu. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yake vizuri.

"Hili la mgongo wake," alisema, akadondosha jiwe kifunikoni. "Hili la yule mume wake. Hili la usingizi, Mungu wangu, maana mtoto huyu halali."

"Unamwombea nani, mama?"

"Kifaranga wangu."

Chanuo likaniponyoka. Kifaranga ni mimi. Nilipewa jina hilo nikiwa na miaka minne, kwa kumfuata mama hata chooni.

"Yuko wapi?"

"Mbali huko, anahangaika. Sina cha kumpa, dada. Lakini njia yake ina mawe, na mikono bado ninayo. Namtolea moja moja." Akashusha sauti. "Ila ana mitihani huyo! Nikiyamaliza leo, kesho yapo palepale. Yaleyale. Sijui ni nani anayemrudishia."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka miwili mama anatoa, mimi narudisha. Nililia kwa sauti, na machozi yakamdondokea kichwani. Akajipangusa, akasema paa linavuja.

Honi ikalia nje. Mdogo wangu aliingia akiangalia saa. "Mama, inuka twende."

"Siendi. Bado manane."

"Manane ya nini?" aliniuliza mimi, si yeye, akanyoosha mkono auondoe ungo. Mama aliung'ang'ania kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nusu ya maharage ikamwagika sakafuni.

"Dada, mwambie!" alinililia mimi, mfanyakazi wake. "Mwambie kwamba mwanangu atakwama!"

Nikapiga magoti. "Mama, na mimi nina mtu wa kumtolea. Nikusaidie?"

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Nawa mikono kwanza."

Nilinawa, nikaokota lile jeusi lenye mstari. "Hili la mama yangu," nikasema, nikalidondosha kifunikoni. Ilikuwa sala yangu ya kwanza baada ya mwaka mzima.

"Lirudishe begi chumbani," nilimwambia mdogo wangu. "Kisha na wewe unawe."

"Na kesho?"

Kesho kulikuwa na shuka zilezile na kofi lilelile, na mgongo wangu ulikuwa unauma vilevile.

"Bado saba," alisema mama.

Asubuhi iliyofuata nilisimama na kopo mkononi, nisijue la kufanya. Nikiyarudisha, mimi ndiye ninayejirundikia mawe njiani. Nisipoyarudisha, mama hatakuwa na sala, wala mimi sitakuwa na mtu wa kuniombea duniani. Nikayamwaga yote ungoni, ishirini na moja. Kisha nikaenda uani, nikaokota moja kubwa, nikaliongeza juu.

"Hili uniachie mimi, mama," nikasema, nikavuta kigoda nikakaa.