Mfuniko wa Sufuria

Paka wa nyuma ya jiko la hospitali hawakuwa wa mtu. Walizaliwa mtaroni, wakaishi kwa panya wa stoo yetu, na ukiwasogelea walitoweka. Sisi wapishi tuliwahesabu kama wafanyakazi wenzetu, ila wao hawakuomba likizo.

Mkubwa wao, jike la jicho moja, tulimwita Chongo. Miaka mitatu nilimbembeleza. Kila asubuhi nilimwaga makombo kwenye sinia kuukuu, nikagonga mfuniko wa sufuria mara tatu, kisha nikajitenga, maana nikisimama karibu hali. Kila baada ya miezi michache nilijitenga hatua moja pungufu.

Dobi wa hospitali, shoga yangu wa siku nyingi, alinicheka. "We mwanamke, hata wanao hukuwabembeleza hivyo! Mwache na woga wake. Huo ndio unaomlinda."

Nikamwona hana moyo.

Asubuhi moja nilikuta sinia limeshajaa samaki. Nikadhani mpishi niliyempokea zamu kanisaidia. Nikagonga mfuniko. Paka tisa wakatoka mtaroni. Chongo akawatazama samaki, akanitazama mimi. Sikurudi nyuma hata hatua moja. Akala. Kwa mara ya kwanza alikula nikiwa nimesimama palepale, na machozi ya furaha yakanilengalenga.

"Afadhali umekuja, mama," akasema bwana afya nyuma yangu, akivua glovu. "Tumewawekea sumu tangu alfajiri, wamegoma kugusa."

Nikaurusha mfuniko kuwatawanya. Ulipolia sakafuni, wakasogea karibu zaidi.

"Mama, unalia nini? Si paka tu hawa?"

Kabla ya adhuhuri wote tisa walikuwa wamekauka. Chongo alifia kando ya mguu wangu. Dobi alikuja na shuka lililochakaa, tukamfunika. Hakunicheka, wala hakunikumbusha alichoniambia. Angenitukana ningepata nafuu.

Juzi mfuniko uliniponyoka nikiosha vyombo. Mtaroni akachomoza mtoto wa Chongo, mmoja tu aliyebaki kwa kuwa siku ile hakutoka, mbavu nje. Akaketi mlangoni, akanitazama usoni kama mama yake alivyonitazama. Mkononi nilikuwa na kipande cha nyama.

Nikakiweka chini. Nikaokota jiwe, nikampiga nalo ubavuni. Akalia, akakimbilia mtaroni akichechemea.

Kesho nitampiga tena, mpaka anichukie.