Ua Lililojazwa kwa Kidole

Hapa Nurata hatumalizi suzani, kile kitambaa cha kutundika ukutani kilichodariziwa kote. Mtu atadarizi makomamanga miaka mitatu, kisha pembeni anaacha ua moja tupu, maana anayemaliza kila kitu amemwambia Mungu kwamba naye keshamaliza. Hilo hata mtoto analijua. Mirvohid, shemeji yake jirani yangu Zulhumor, alikuwa halijui, kwa sababu tangu anunue simu ya kamera tatu hajui kitu kingine.

Zulhumor alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa mwisho wa kudarizi suzani yake, mimi ndiye niliyemtungia uzi sindanoni. Suzani ile ikiuzwa, ingempeleka kwa daktari Samarkand. Mirvohid akaitundika ukutani, akaipiga picha mara arobaini, akaikoleza rangi, na lile ua tupu akalijaza kwa kidole kwenye kioo cha simu. Nilimwona akijipongeza.

Picha ikaingia mtandaoni, ikamleta Bi Gulbahor, mwenye duka Tashkent. Hata chai hakuigusa. Aliweka simu kando ya kitambaa, akalinganisha.

"Mama, hapa umesahau ua."

"Sikusahau," Zulhumor akasema.

"Kwenye picha limejaa. Ukilijaza nanunua sasa hivi. Usipolijaza, kwaherini."

"Shemeji, ua moja tu!" Mirvohid akabembeleza. "Na macho yako je?"

"Nikilijaza mimi, hayo macho nitakwenda nayo kaburini. Wewe si ndiye uliyeanza? Haya, shika sindano umalizie!"

Akaketi, mwanamume mzima na masharubu yake, akijichoma vidole na kulalamika. Nilicheka mbavu zikaniuma. Ua likatoka kama kiazi kilichokanyagwa, lakini Bi Gulbahor keshainua simu.

"Mwanamume anadarizi! Usisogee, kaka. Inamisha kichwa, uonekane una mawazo."

Akapiga picha, akalipa, akachukua mzigo wake.

Zulhumor akatibiwa, namshukuru Mungu. Siku bandeji zilipotolewa nilikuwa kando ya kitanda chake hospitalini. Mirvohid akaingia mbio na simu. Ni yeye kwenye picha ile ya Bi Gulbahor, suzani nzima mapajani, na chini imeandikwa: "Fundi Mirvohid wa Nurata, kazi ya mikono yake." Watu elfu sita wameipenda. Nilitamani kuirusha simu ile dirishani.

"Unaona, shemeji? Oda kumi na moja!"

Zulhumor akasoma taratibu, neno kwa neno. Miaka miwili alikuwa hajasoma kitu.

"Naona," akasema, na machozi yakamtoka.

"Usilie, mama, macho bado mabichi!" nesi akamkemea.

"Mwache," Mirvohid akamwambia nesi. "Ni furaha."