Gesi ya Mwalimu Tadeo

Mwaka wa 1956, miezi michache baada ya kumzika mumewe, Lusia aliitoa betri ya lori chini ya kitanda akaiweka mezani. Kila Jumamosi, enzi za uhai wake, Mwalimu Tadeo aliitumia kuyapasua maji, kama alivyopenda kusema, ili apate haidrojeni. Lusia kazi yake ilikuwa kushika chupa tu.

Alitumbukiza kwenye bakuli la maji vijiti vyeusi vilivyotolewa ndani ya mawe ya tochi, akaunga nyaya, akasubiri. Maji yakatulia tuli. Ndipo alipokumbuka magadi. Alipoyakoroga, mapovu yakaanza kupanda, naye akainamisha chupa iliyojaa maji juu ya kijiti kilichotoa mapovu mengi. Gesi ikayasukuma maji nje taratibu. Baridi ya milima ya Kilolo ilimkaza vidole, lakini hakuiachia chupa.

Zamani yeye alishika chupa, Tadeo akawasha kiberiti. Safari hii ilimbidi kuwasha mshumaa kwanza. Aliisogeza chupa kwenye mwali, mdomo ukiangalia chini, nayo ikabweka mara moja kama kijibwa.

“Umesikia?” akauliza, kama vile Tadeo yupo.

Baada ya muda jirani yake Damari akachungulia mlangoni.

“Mama Mwalimu, kitu gani kimelia?”

“Maji. Ingia, nitafanya tena uone.”

“Siku nyingine, mama. Nimeacha maharage motoni.”

Lusia alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye mahindi. Kisha akarudi ndani, akaijaza chupa maji.