Maboga ya Malka

Siku maji yalipoanza kurudi mtoni, Buya alitandika mkeka mbele ya nyumba, akatoa vibuyu vyake vya mbegu na kuvimwaga kimoja baada ya kingine. Mbegu zilihifadhiwa ndani ya majivu, kwa hiyo alizipepeta, akazipuliza, akapiga chafya, kisha akakaa kitako kuchagua. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi cha mwaka 1956, na jua la Garsen lilikuwa halina mzaha na mtu, seuze na mboga.

Kuchagua mboga za kiangazi ni kazi ya kujua tabia. Nyanya alizitenga mapema. Hizo huchanua vizuri sana, kisha joto likizidi maua yakapukutika yote, ukabaki na majani ya kutazama. Kabichi alizopewa na Laban, bwana shamba, hakuzijadili hata kidogo, maana mwaka uliopita zilikataa kufunga, zikakaa wazi kama kanga iliyoanikwa. Mchicha hulala mchana ukaamka jioni, basi huo alimwachia mkewe. Bamia haijali chochote. Biringani na pilipili huvumilia, mradi mizizi ipate unyevu. Kunde hukupa majani ya kula kabla hazijafikiria kuzaa. Maboga nayo hutambaa, yakaifunika ardhi kwa majani yake yenyewe, na udongo ulio chini ukabaki baridi. Buya alizipenda mbegu za maboga kupita zote, akaziweka peke yake ukingoni mwa mkeka.

"Hizo utazipanda wapi, Baba Dhadho?" aliuliza mkewe, Mwanasha. "Shamba limejaa."

Buya akasema atazipanda malkani. Mwanasha aliacha kupepeta, akamtazama, kisha akaendelea.

Malka ni njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni. Kwingine kingo za Tana huporomoka, na chini ni tope na mamba, kwa hiyo ng'ombe akitaka kunywa kwa salama hana budi kupita malkani. Hiyo iliyopakana na shamba la Buya ilikuwa wazi tangu enzi za baba yake, aliyepatana na baba yake Abduba, mfugaji Muorma. Mvua ikinyesha, Waorma huenda na mifugo yao bara, upande wa Bangale. Kiangazi kikikaza, hurudi na kuikuta njia imefyekwa. Kufyeka kulikuwa juu ya Mpokomo mwenye shamba, maziwa yalikuwa juu ya Muorma. Kila kiangazi Barwako, mke wa Abduba, alimletea Mwanasha kibuyu cha maziwa asubuhi, akarudi kambini na ndizi na mahindi mabichi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuona haja ya kulizungumza jambo hilo.

Ubaya wa malka ulikuwa udongo wake. Ng'ombe wa miaka yote hiyo walikuwa wameacha samadi yao pale, na ukichimba ulikutana na udongo mweusi, laini, unaokaribia kuota wenyewe. Laban aliupitisha kati ya vidole vyake akasema ardhi kama hii kulala bure ni hasara. Akasema pia kwamba mwezi wa tatu atawaleta wageni wa serikali waione bustani moja iliyo bora kuliko zote za mto. Hakusema ni bustani ya nani. Buya aliyasikia maneno hayo kana kwamba ameitwa kwa jina.

"Abduba ni mtu wangu," alimwambia Mwanasha. "Nitamweleza."

"Utamweleza nini?"

Buya alikuwa bado hajafika hapo.

Alipanda bamia juu, biringani katikati, na maboga chini kabisa, pale malka inapopanuka kukutana na maji. Akazungushia ua wa miiba pande zote, hata upande wa mto, kwa ajili ya viboko.

Abduba alifika mwezi wa pili, nyasi zikiwa zimeisha. Alikuja na ng'ombe wake mpaka kwenye ua, akasimama. Ng'ombe walinusa maji, wakaanza kulia. Wanaume hao wawili walisalimiana kirefu kama ilivyo desturi: nyumbani, watoto, afya, mvua, mifugo. Habari zote zilikuwa njema.

"Buya, malka iko wapi?" Abduba akauliza.

"Mwaka huu nimepanda kidogo, ndugu yangu. Mboga tu. Nikishavuna..."

"Ng'ombe yangu hapana weza ngoja mboga."

"Kuna malka nyingine huko chini, ukipita Tarasaa."

"Mbali. Ng'ombe imechoka." Abduba aliutazama ua kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Baba yako alifyeka hapa."

Buya akasema anajua. Alikuwa ameshika jembe na hakujua aliweke wapi. Ua ule ungefunguka kwa panga kabla chai haijachemka, na wote wawili walilijua hilo. Lakini bamia zilikuwa zimekwisha toa maua, na maboga yameanza kufunga. Abduba akaaga kwa adabu, kisha akawageuza ng'ombe. Hakugomba. Buya angefurahi kugombezwa, kwa sababu ugomvi huisha watu wakaenda zao.

Asubuhi iliyofuata Mwanasha alikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Aliikoroga muda mrefu ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Ng'ombe wengi wa Abduba walifia njiani kabla ya Tarasaa. Habari hiyo aliileta Changawa, jirani yao, aliyekuwa ametoka huko kuuza mahindi. Alisema wamelala kandokando ya njia, na tai wameshiba hata hawajishughulishi kuruka. Buya alisema masikini, akauliza bei ya mahindi. Wiki hiyo hiyo maboga yalianza kunenepa.

Yalikuwa makubwa kuliko kawaida na hayakufanana rangi. Moja lilikuwa jekundu lenye paji jeupe, jingine jeusi tititi, mengine ya madoadoa. Kila moja lilikuwa na alama ya moto ubavuni, mistari miwili iliyokatwa na wa tatu, ambayo ni alama ya mifugo ya Abduba, na hakuna mtu kati ya Garsen na Kipini asiyeijua. Buya alijaribu kuisugua mojawapo kwa mchanga. Ganda lilichubuka, alama ikabaki.

Jua likifika utosini, maboga yaliondoka. Yalibingirika polepole, lile jekundu likitangulia, yakivuta mashina yake nyuma kama kamba, mpaka kwenye ua wa upande wa mto. Hapo yalisongamana, yakajikwaruza kwenye miiba na kulia, kilio cha ng'ombe mwenye kiu, hakina tofauti. Alasiri yalirudi mahali pake yakiwa yamesinyaa. Buya aliyamwagilia kwa debe, lakini maji yaliteleza juu ya ganda yakaishia ardhini. Maboga hayakutaka maji ya debe.

"Maboga yako yana kiu," Changawa alisema kutoka shambani kwake.

"Ni jua," akajibu Buya.

"Na yana mwenyewe," Changawa akasema, akaendelea kupalilia kunde.

Buya aliyafunika kwa majani ya mgomba ili alama zisionekane. Yalipokwenda mtoni, majani yalibaki nyuma. Mpishi wa kambi ya barabara, pale kivukoni, alinunua bamia zote na biringani, akazisifu, lakini boga aliligeuza mara moja tu, akaliona ubavu, akalirudisha chini kwa mikono miwili. "Hili ni la mtu," alisema. Buya alilibeba begani, akapita nyuma ya maduka, boga likimlilia sikioni njia nzima. Aliona aibu, ile aibu inayomfanya mtu mzima awaamkie hata mbuzi wa watu. Kila aliyepishana naye aliitikia vizuri, akalitazama boga, akaendelea na safari yake.

Haukupita muda Abduba akaja, peke yake, fimbo mabegani. Walisalimiana kirefu. Safari hii zamu ya mifugo waliiruka.

"Naambiwa ziko hapa," Abduba akasema.

"Zipo. Karibu."

Abduba aliingia, akachuchumaa kati ya majani. Aliyapapasa maboga moja moja, bila haraka. Hili, mama yake Abduba alipewa na baba yake. Hili lilizaliwa mwaka wa nzige, likawa halina haya. Hili lilikuwa na maziwa mengi, ndiyo aliyoletewa Mwanasha kila asubuhi. Lile jekundu lilisogea lenyewe likamwegemea mguuni. Buya alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni katika bustani yake.

"Yachukue yote," alisema. "Ni yako. Nitakubebea mwenyewe."

"Nipeleke wapi? Hizi zinataka maji tu. Hapa ndiyo zinajua." Abduba aliinuka, akajipangusa magoti. "Kuna nyingine zimebaki. Kidogo tu. Barwako anashika pale kichakani."

Hakuomba. Jua lilikuwa limefika utosini, na maboga yakaanza kuondoka.

Buya alikwenda kuchukua panga. Kati ya kichaka na mto palikuwa na mistari ya bamia, imejaa, ya kuchumwa siku hiyo hiyo, na wageni wa Laban walitarajiwa wiki ile. Alishuka hadi kwenye ua wa mto akausimamia. Maboga yalimsonga miguuni. Aliliinamia kubwa kuliko yote, akalikumbatia kwa mikono miwili, akaliacha na kusimama mikono ikiwa vilevile asipoteze kipimo, akakipima kwenye miiba. Kisha akakata tundu la kiasi hicho.

Maboga yalipita moja moja. Yalikunywa kwa muda mrefu, na sauti ya kunywa kwao ilisikika hadi juu kichakani, ambako ng'ombe waliobaki waliisikia wakaanza kulia.

"Ahsante, Buya," Abduba alisema. Hakuwa na kejeli, alishukuru kweli, na hilo ndilo Buya alishindwa kulibeba. Alitaka kusema ngoja. Abduba aliuzunguka ua kwa nje, akaenda kichakani, na baada ya kitambo vumbi likaonekana likielekea Tarasaa.

Mwanasha alikuwa ameshuka na kikapu cha kuchumia. Alilitazama tundu.

"Ng'ombe anapita hapo?"

"Hapiti."

"Na panga ulikuwa nalo mkononi."

"Nilikuwa nalo," Buya akasema.

Wakachuma bamia mpaka kikapu kikajaa.

Wageni walikuja na Laban, mchana, viatu vikiwaka. Waliisifu bamia, wakaisifu samadi, wakauliza tundu lile ni la nini. Buya aliwaambia ni la maboga. Wakati huohuo maboga yalikuwa yakirudi kutoka mtoni, yanachuruzika maji, na wageni waliyapisha. Mmoja akasema huyu ni mkulima anayejali. Buya alitazama vidole vya miguu yake.

Kiangazi kilichofuata wenye mashamba kando ya malka nyingine nao walipanda malkani, kwa kuwa udongo ule kila mtu alikuwa ameuona. Laban aliwafundisha kuacha tundu upande wa mto ili pasiwe na malalamiko. Kuonyesha kipimo aliitwa Buya. Alisimama mbele ya watu wote, Changawa akiwa mstari wa mbele, akaikumbatia hewa kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka wote wakapima, bila kumtazama mtu usoni.