Sinia la Seksheni ya Tatu

Isihaka alikuwa karani wa kombania wakati wa vita vya Kagera. Sasa, mzee wa Ilomba, Mbeya, aliyestaafu, alikuwa akiandika historia ya batalioni yao, na wajukuu wote walishaikariri wapende wasipende: watu kumi seksheni, seksheni tatu platuni, platuni tatu kombania. Ukimuuliza habari za nyumbani, anakujibu kwa habari za batalioni. Ilibaki sura ya jikoni tu, nayo ndiyo iliyomtoa Mbeya hadi Tosamaganga, kwa Philbert, mpishi wao wa zamani.

Philbert alivaa miwani, akaipitia orodha ya kombania taratibu mpaka kwenye jina la Vitus Kalinga. Mbele yake palikuwa na neno moja: mtoro.

"Nani kamwandika hivi, afande karani?"

"Mimi. Asubuhi ile baada ya kuvuka mto hakuwepo paredi. Platuni yake, ya kwanza, ilipungua mtu mmoja."

"Wewe ulikuwa unahesabu wanaosimama. Mie nilikuwa nahesabu wanaokula." Philbert alivua miwani. "Kila seksheni sinia moja, watu kumi. Siku hiyo seksheni ya tatu ya platuni ya pili wakaniomba niwaongezee ugali. Walikuwa kumi na mmoja. Walimwazima Kalinga awabebee mabomu ya mota, mwenzao alikuwa na homa, hawezi hata kubeba kikombe. Mchana wakapigwa wote. Tulizika kumi na mmoja, koleo nilishika mwenyewe."

"Mimi niliandika kumi."

"Si ndio waliokuwa kwenye orodha yako?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mie mpishi."

Aibu ilimshika Isihaka mpaka chai ikapoa mbele yake. Kwenye kitabu lilikuwa jambo la kufuta neno moja. Lakini barua iliyokwenda kwa mke wa Kalinga aliichapa yeye, na alikumbuka alivyojisifu kwamba haikuwa na kosa hata moja.

"Mkewe, Apolonia, yupo," alisema Philbert. "Anauza nyanya pale Ilula, barabarani."

Ilula si njia ya kurudi Mbeya. Isihaka alikwenda.

Alimkuta nyuma ya ndoo zake, akipanga nyanya.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Ndoo ngapi, baba?"

Isihaka alijitambulisha, akaeleza yote akiwa amesimama: paredi, sinia, kaburi, barua. Hakujitetea. Apolonia aliendelea kupanga nyanya, nyekundu juu.

"Kwa hiyo alikufa siku ileile mliyosema katoroka?"

"Siku ileile, mchana."

"Watu walikuwa wananiitaga mke wa mtoro. Hilo halikuniuma sana. Mtu akikimbia bomu, nimlaumu nini? Nikasema, kama kakimbia, atakuja kwangu. Nikangoja. Hakuja." Aliiweka chini nyanya aliyoishika. "Miaka yote hii najiuliza nilimkosea nini mpaka akaenda kwingine."

Isihaka alikuwa ameandaa maneno kuhusu kitabu. Aliyameza.

Apolonia alifungua kanga ya kiunoni, akajitanda kichwani, akaketi chini kando ya ndoo. Muuza vitunguu wa jirani, aliyekuwa akikimbilia basi lililosimama, aligeuka.

"Mama Kalinga, kuna nini?"

"Nimefiwa na mume wangu."

Yule mama aliliacha basi, akaja kuketi naye chini.