Jozi Saba za Yaa Dufie

Mtaa wote wa Tafo ulijua kwamba Yaa Dufie, mshoni wa nguo, ana jozi saba za makubadhi. Ulijua kwa sababu Pokuaa, jirani yake muuza uji, alikuwa amezihesabu: nyeusi za matangani, nyekundu za msiba mzito, nyeupe za shukrani ya Jumapili, za dhahabu za harusi, za kijani, za buluu, na zile za kahawia za kukanyagia cherehani. Mtu mwenye jozi saba, alikuwa akiuliza Pokuaa huku akikoroga uji, ana miguu mingapi?

Yaa Dufie alikuwa na jozi moja tu, na Pokuaa, pamoja na umbea wake wote, hakulijua hilo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Fundi viatu Agya Brentuo alimchongea soli mbili za mpira wa gurudumu, ya kushoto nene, akazivisha ngozi kwa ustadi, na nguo ndefu ikamaliza kazi iliyobaki. Kisha akapachika vifungo vya kubonyeza chini ya soli, gidamu, zile kanda za juu, zikawa za kuvuliwa na kuvalishwa kama foronya. Gidamu hizo, jozi saba, zilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kabla ya hapo alikuwa akivaa buti la hospitali, zito, harusini na matangani. Watoto walimwita Buti, na wakubwa walicheka wakijifanya wanawakemea. Makubadhi yalipokuja, mtaa ukadhani mguu umepona.

Siku alipokabidhiwa makubadhi, miaka kumi na moja nyuma, Agya alikataa malipo. "Niache, binti. Nilitaka tu kuona kama inawezekana. Imewezekana. Nenda." Yaa Dufie alipofika mlangoni akamsikia akipaza sauti, "Na kesho usije!" Hakusubiri neno jingine. Alitoka mbio, na ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kukimbia bila kuyumba.

Kwao, mtu akipewa kitu, kesho yake asubuhi huenda kushukuru. Tena haendi peke yake. Huchukua watu wa kumsaidia kushukuru, maana asante ya mdomo mmoja ni nyepesi. Kwa hiyo Yaa Dufie alielewa mara moja: Agya alikuwa anamsitiri. Angekwenda na mashahidi, angewaambia amepewa nini? Akaona huo ni wema wa pili juu ya ule wa kwanza, akabaki nyumbani. Na tuseme kweli, alifurahi kupata kisingizio. Lakini asante isiyosemwa haimezeki. Ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipopita mbele ya karakana ya Agya alisalimia haraka haraka, macho chini.

Sasa macho ya Agya yalikuwa yamezimika. Jumamosi walimzika dada yake, na Jumapili, baada ya ibada ya shukrani, gari la wanawe lingemchukua kwenda Mampong asirudi tena. Yaa Dufie alijua kwamba asipomshukuru Jumapili hiyo, hatamshukuru tena. Asubuhi akabandua gidamu nyeusi za jana, akazitia kwenye mkoba, akabandika nyeupe. Alipanga kumwinamia mzee na kumnong'oneza sikioni, basi.

Uani kwa Agya watu wa nguo nyeupe walipanga foleni ya kumuaga. Kila aliyemfikia alitoa miguu kwenye makubadhi, akainama, akashukuru pekupeku, kama heshima inavyotaka. Yaa Dufie hakuwa amevua mbele ya mtu hata siku moja. Hata akiitwa kwa chifu alituma udhuru wa homa, na watu walisema ana kiburi. Nyuma yake, kwa bahati yake, alisimama Pokuaa.

"Leo utavua, au yameota mizizi?" Pokuaa alimnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Pokuaa, niache leo."

"Nikuache vipi, dada? Mzee wa watu alikushonea, mtaa mzima unajua, na hukuja kushukuru. Shukrani ya punda mateke!"

Zamu yake ikafika. Agya aliketi akitazama pasipo na mtu, uso umegeuzwa kidogo kusikia ni nani. Yaa Dufie alimwangalia na mwiba ukachoma kooni. Akatoa mguu wa kulia. Akatoa wa kushoto. Mwili ukainama upande mmoja mbele ya ua mzima.

Akaokota makubadhi, akabandua gidamu nyeupe, akatoa nyeusi mkobani, akazibonyeza mahali pake, ta, ta.

"Hizi ndizo mlizoziona jana," alisema. "Na ndizo za kila harusi. Sina jozi saba. Nina hii moja, na Agya ndiye aliyenitengenezea ili nisiitwe Buti tena. Agya, asante. Nimechelewa miaka kumi na moja, lakini wewe ndiye uliyeniambia nisije."

"Dufie?" Mzee akainua kichwa. "Nilikuambia usije lini?"

"Siku ile. Ulisema kesho usije."

"Kesho yake nilikuwa na safari ya Bolgatanga kuchukua ngozi!" Agya akajipiga paja. "Nikasema kesho usije, njoo Jumatatu! Wewe ulishatoka mbio kama mwizi wa kuku. Jumatatu nikavaa nguo yangu nzuri, nikakaa mlangoni. Jumanne nikakaa tena. Wiki nzima, mke wangu ananicheka! Nikajua hazikukufaa, nikaona aibu. Sikutengeneza nyingine."

"Zilinifaa, Agya." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Nilizichezea harusini kwangu mpaka wapiga ngoma wakachoka."

Mzee akanyoosha mikono. "Zilete." Alizipapasa, dole gumba likafuata ukingo wa soli taratibu, uso wake ukang'aa. "Kisigino cha kulia kimelika. Nani ana msharasi wa kutobolea ngozi hapa? Na hao wanangu wanaopiga honi waambieni wasubiri."

Yaa Dufie alibaki pekupeku, ameinama upande, mkono ukitafuta pa kushika. Mara akahisi kitu kikisukumwa chini ya mguu wake wa kushoto. Alipotazama alimwona Pokuaa amepiga magoti vumbini, nguo yake nyeupe na yote, akipanga makubadhi yake mwenyewe moja juu ya jingine.

"Kanyaga," Pokuaa alisema. "Kanyaga, usinikodolee macho."

Akakanyaga, akasimama sawa. Pokuaa akainuka, miguu yake mitupu, akasimama bega kwa bega naye na kusafisha koo.

"Agya Brentuo, tumekuja kwa heri. Yaa Dufie anasema jana ulimpa kitu. Tumekuja kumsaidia kushukuru."